Mchezo Mpya au Jezi Mpya?

Ukiteremka Korogwe wakati wa jioni na kufuata njia za Manundu, hukosi kukuta kibanda chenye televisheni mbili tatu, na vijana wameketi mabenchini wameshika pedi mikononi. Wacheza kandanda ya mashine. Anayefungwa huondoka, anayengoja huketi, na mwenye kibanda hupokea shilingi zake. Mambo ni yayo hayo Handeni. Wazee wengi hupita wakitikisa vichwa na kusema vijana wameharibika. Sisi hatumo katika kundi hilo. Mtu aliyeshinda akikata mkonge, au aliyeshinda juu ya bodaboda, ana haki ya kucheza, kama baba yake alivyokuwa na haki ya kuketi chini ya mwembe na bao lake. Linalotushughulisha ni jingine: vijana hawa wauziwa nini?

Mchezo huo ulitoka mara ya kwanza mwaka 1993 kwa jina la FIFA, nao ni mali ya kampuni ya Marekani iitwayo Electronic Arts. Tangu hapo hutolewa kila mwaka. Mwaka 2023, kampuni ilipoachana na shirikisho la kandanda la dunia, jina liligeuzwa likawa EA Sports FC. Jezi hugeuzwa, wachezaji waliohama huhamishwa, nyasi hung'arishwa kidogo, kisha bei hurudi pale pale kana kwamba ni kitu kipya. Mkulima wa Handeni hangekubali kuuziwa jembe lile lile kila masika kwa kuwa mpini umepakwa rangi.

Sababu yaeleweka. Mchezo mkubwa wa siku hizi hutengenezwa na mamia ya watu kwa miaka kadhaa, na gharama zake huweza kupita dola milioni 100. Mwenye fedha aogopa. Aona heri kurudia kilichouzwa jana kuliko kujaribu ambacho hakijaonjwa. Na woga huo humwangukia mfanya kazi kwanza. Mwaka 2023 karakana ya Tango Gameworks ya Tokyo ilitoa mchezo mpya kabisa uitwao Hi-Fi Rush, ambao kila pigo lake hufuata mdundo wa muziki. Ulisifiwa sana. Mwezi Mei 2024 wenye mali, kampuni ya Microsoft, wakatangaza kwamba karakana hiyo itafungwa. Iliponea kwa sababu Krafton ya Korea ya Kusini iliichukua mwezi Agosti. Kazi ilisifiwa, na wenye kazi wakaonyeshwa mlango!

Hata hivyo, michezo iliyoitikisa dunia haikuzaliwa na woga. Tetris iliundwa mwaka 1984 mjini Moscow na Alexey Pajitnov, mfanya kazi wa Akademia ya Sayansi ya Kisovieti, juu ya mashine isiyoweza hata kuchora picha. Matofali yake aliyaunda kwa alama za mabano. Minecraft ilianzwa na mtu mmoja wa Sweden mwaka 2009, nayo imekwisha uza zaidi ya nakala milioni 300.

Asije mtu akadhani twasema kila mwendelezo ni dhambi. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alimtoa Bwana Msa katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilichochapishwa mwaka 1960, kisha akamrudisha katika *Kisima cha Giningi* na katika vitabu vingine. Bwana Msa alirudi na kiko chake kile kile, lakini fumbo lilikuwa jingine, na msomaji alilazimika kufikiri upya. Huyo si sawa na mtengeneza filamu anayekata hadithi moja vipande viwili ili aiuze mara mbili. (Na magazeti nayo, hili letu likiwamo, hayajasalimika: pana tahariri ambazo msomaji aweza kuzimaliza mwenyewe baada ya mstari wa kwanza.)

Mkoa wa Tanga waujua ugonjwa huu wa kurudia. Tangu Hindorf alipouleta mkonge mwaka 1893, kazi ilikuwa kuuza singa zile zile kwa wanunuzi wale wale. Nyuzi za viwandani zilipotokea, bei ikaanguka katika miaka ya 1960, na mashamba mengi baadaye yakageuka vichaka. Kumbe singa ni kama asilimia 4 tu ya jani. Sehemu iliyobaki ilikuwa ikitupwa. Ndipo pale Hale, wilayani Korogwe, ukajengwa mtambo wa kugeuza taka hizo kuwa gesi na umeme. Hilo ndilo tunaloliita kubuni: jani ni lile lile, jicho ni jipya.

Sasa turudi kwenye mwembe. Bao lina mashimo 32 na kete 64; lina nyumba, lina namua na mtaji, na fundi wake huhesabu mizunguko mirefu kichwani pasipo kugusa kete. Mholanzi Alex de Voogt alijifunza kwa mafundi wa Unguja, akapata udaktari wa Chuo Kikuu cha Leiden mwaka 1995 kwa kuandika juu ya ufundi huo. Baadaye wataalamu wa Maastricht wakaifundisha kompyuta kulicheza. Kampala nako, vijana wa Kola Studios waliuchukua mchezo wa karata wa mtaani uitwao matatu, wakautia katika simu, nao ukapendwa.

Kwetu pana wazee wajuao namua na pana vijana wajuao kompyuta, lakini hawaketi benchi moja. Yawapasa viongozi wa vijana katika wilaya hizi mbili kuwaketisha pamoja, na fedha ya kununulia jezi za mabonanza ingetosha kuanzia. Kijana yeyote wa Korogwe au Handeni aliyekwisha chora mchezo wake, hata kama ni kwenye daftari, na auandikie ukurasa huu. Tutampa nafasi hii hii.