Kabla ya kuitia pikapu yako nozeli kubwa

MJOMBA wangu alikuwa na pikapu ya dizeli iliyowalisha watoto wake kwa miaka mingi. Kila wiki ilitoka Narok ikiwa imejaa viazi, ikapanda mlima wa Mai Mahiu na kufika soko la Wakulima, maarufu kama Marikiti, kabla ya mapambazuko.

Biashara ilipokua, aliigeuza pikapu hiyo. Aliongeza springi, akaweka matairi makubwa na kuipandisha bodi kwa mbao ili ibebe magunia zaidi. Injini haikuguswa.

Mlimani ilianza kuvuta kwa taabu. Fundi mmoja akamshauri atie nozeli kubwa. "Mzee, hii sasa itapanda kama ndege," alimwambia.

Wiki ya kwanza ilipanda kweli, ingawa moshi mweusi uliwaficha waliokuwa nyuma. Wiki ya tatu ikanoki katikati ya mlima. Injini ilipofunguliwa, pistoni moja ilikuwa imeyeyuka na kutoboka. Pesa za karo ya muhula ziliishia hapo.

Mkasa huu si wa mjomba pekee. Wenye pikapu wengi, wakiwemo vijana wapendao magari ya kasi, huamini kwamba mafuta zaidi ni nguvu zaidi. Je, ni mambo gani unayopaswa kuzingatia kabla ya kufungua mfuko wako?

KAZI YA NOZELI

Injini ya dizeli haina plagi za kuwasha moto. Hewa hubanwa ndani ya silinda hadi inapata joto kali. Kisha injekta, kifaa ambacho mafundi wetu hukiita nozeli, hunyunyiza mafuta kama ukungu, nayo hushika moto yenyewe.

Katika injini za zamani, pampu ndiyo inayopima kiasi cha mafuta. Nozeli hufunguka tu shinikizo linaposhinda springi iliyo ndani yake. Kwa hivyo, kutia nozeli kubwa bila kuigusa pampu huenda kukakuletea moshi na hasara tu.

Injini za kisasa, zilizoanza kuonekana katika magari madogo mwaka wa 1997, hufanya kazi tofauti. Mafuta husubiri ndani ya reli moja yakiwa na shinikizo kubwa mno, na kompyuta huamua nozeli ifunguke kwa muda gani. Hapa matundu yakiwa makubwa, mafuta huzidi papo hapo, ilhali kompyuta haina habari.

HEWA KWANZA

Mafuta hayaungui bila hewa. Nasi wakazi wa nyanda za juu tuna upungufu ambao mwenzetu wa Mombasa hana. Ukifika mita 2,000 juu ya bahari, hewa huwa nyepesi kwa karibu sehemu moja kwa tano. Nairobi yenyewe iko kiasi cha mita 1,700, na barabara ya kutoka Mai Mahiu hupanda juu zaidi ya hapo.

Injini isiyo na turbo huhisi upungufu huo mara moja. Yenye turbo hujikaza, lakini nayo ina kikomo chake. Ukiona moshi mweusi mzito, jua kwamba unatupa mafuta uliyoyalipia. Isitoshe, mwaka wa 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliutaja moshi wa dizeli kuwa chanzo cha saratani. Watoto wanaosubiri basi la shule kando ya barabara ndio wanaouvuta.

Mafuta yakizidi, joto nalo hupanda. Alumini, ambayo ndiyo hutengenezea pistoni za magari mengi madogo, huyeyuka kwa nyuzi 660. Ndiyo sababu mafundi wenye uzoefu hufunga kipimo cha joto la moshi kabla ya kugusa nozeli, na wengi hawapendi kuona sindano ikikaa juu ya nyuzi 700 mlima mzima.

MASWALI YA KUMUULIZA FUNDI

Kwanza, gari ni la kazi gani? Nozeli za kuongeza nguvu huuzwa kwa kutajwa asilimia zinavyozidi zile za kiwandani. La mashindano hukanyagwa kwa muda mfupi kisha likapumzika. La mizigo huvuta kwa saa nzima, kwa hivyo ongezeko lake liwe dogo.

Pili, je, zimepimwa pamoja? Dai karatasi inayoonyesha kila nozeli inatoa mafuta kiasi gani. Nne zinaweza kufanana kwa macho, huku moja ikimwaga kuliko wenzake. Silinda hiyo ndiyo itakayoyeyuka kwanza, kama ilivyokuwa kwa mjomba.

Tatu, je, mnyunyizo wake unaingia sawasawa katika shimo lililo juu ya pistoni? Ukipita pembeni, mafuta huosha kuta za silinda na kuchanganyika na oili.

Nne, je, pampu itatosheleza, na nani ataipanga kompyuta upya? Nozeli nyingi za kisasa huja na namba zake ambazo lazima ziingizwe kwenye kompyuta ya gari. Asiyejua namba hizo ni za nini, usimwachie funguo.

Tano, je, kampuni ya bima imearifiwa? Gari lililobadilishwa kimyakimya huweza kukuletea mabishano siku ya ajali.

HUENDA HUZIHITAJI

Kabla ya yote hayo, peleka nozeli ulizo nazo katika karakana ya pampu zipimwe. Maji, vumbi na mafuta ya taa yanayochanganywa na dizeli huziharibu, kwa kuwa mafuta ya taa hayalainishi vyuma ipasavyo. Uchanganyaji huo ulikithiri hadi serikali ikaweka ada ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka wa 2018. Badilisha chujio kwa wakati na ununue mafuta unakoaminika.

Mjomba alilijua hilo akiwa amechelewa. Injini ilipokuwa ikijengwa upya, alizipeleka nozeli zake za zamani zikapimwa. Mbili kati ya nne zilikuwa zikidondosha mafuta badala ya kuyanyunyiza. Zilisafishwa, zikarekebishwa na kurudishwa. Matairi makubwa nayo yakaondolewa, na magunia yakapunguzwa.

Pikapu hiyo iliendelea kuupanda mlima wa Mai Mahiu polepole, malori yakiipita, lakini viazi vilifika Marikiti na karo ikalipwa. Mwenda pole hajikwai.