Nani Atamlipa Mwenye Nyumba ya Wageni?

Leo tufungue Injili ya Luka, sura ya 10, ile habari ya Msamaria Mwema. Tumefundishwa habari hiyo tangu Shule ya Jumapili, nasi humsifu Msamaria kwa kuyafunga majeraha ya mtu asiyemjua. Ni vema. Lakini ni mara chache tunamkumbuka mwenye nyumba ya wageni. Msamaria alimwachia dinari mbili, yaani ujira wa kibarua wa siku mbili, tena akaahidi kulipa deni lolote litakalozidi. Huruma yake ilifika mfukoni.

Hospitali ndiyo nyumba ile. Hapa Kenya wengi wetu tulizaliwa katika hospitali zilizoanzishwa na misheni: Kikuyu, Tumutumu, Maseno, Kaimosi, Chogoria. Zamani fedha na dawa zilitoka ng'ambo, na watu wakazoea kuiona hospitali ya misheni kama kisima kisichokauka. Misaada hiyo imepungua sana. Tena mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa ghafula, na wahudumu wengi waliowatunza watu wenye virusi vya UKIMWI wakaambiwa wakae nyumbani.

Serikali yetu nayo imejaribu njia nyingi. Mwaka 1989 wagonjwa walitakiwa kuchangia gharama katika hospitali za serikali, na maskini wengi wakaacha kwenda. Mpango ukasimamishwa mwaka 1990, kisha ukarudishwa. Bima ya NHIF, iliyoanza mwaka 1966, iliacha madeni ya mabilioni ya shilingi, na tarehe 1 Oktoba 2024 nafasi yake ikachukuliwa na SHA.

Sasa tazama jambo lenyewe linavyokwenda. Mama amejifungua kwa upasuaji. Hospitali imekwisha kutumia dawa, oksijeni, dizeli ya jenereta, na usiku mzima wa muuguzi. Inapeleka madai yake kwenye bima na kungoja. Malipo yakichelewa miezi kadhaa, muuza dawa naye anadai. Akichoka, haleti dawa nyingine. Mishahara inakwama, daktari anahamia mjini. Ndipo mgonjwa wa kesho anaandikiwa dawa akanunue mwenyewe nje ya lango. Atauza mbuzi. Asiye na mbuzi atarudi nyumbani na homa yake. Mwaka 2025 hospitali kadhaa za binafsi ziliwataka wagonjwa walipe taslimu kwa muda kwa sababu ya madeni hayo, na watu wakazikasirikia. Lakini mwenye nyumba asiyelipwa atanunua wapi mafuta na divai?

Sisi tunajua harambee. Nayo ni njema, sitaisema vibaya. Ila harambee huja baada ya deni kukua, tena humfaa mwenye jamaa wengi. Mjane asiye na mtu, nani atamwitia mkutano? Bima hukusanya kabla ya ugonjwa, na wazima humbeba mgonjwa bila kuuliza ukoo wake. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiyeajiriwa hupimwa kwa hali ya nyumba yake, wala hatozwi chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Mamilioni wamejiandikisha, lakini kati ya wasio na mshahara wanaolipa ni wachache.

Nao si wakaidi. Shilingi 3,600 za mwaka ni mzigo kwa muuza mboga akitakiwa azitoe kwa mara moja. Lakini shilingi 10 kila siku, zikiwekwa katika chama cha akina mama, zinatosha. Wazee wa kanisa nao waulize baada ya ibada ni nani hajajiandikisha, hasa wakongwe wasio na simu. Na ninyi mnaokaa katika halmashauri za hospitali, hesabu ya madeni isomwe mbele ya washirika, kama inavyosomwa sadaka.