Sauti ya Tairi na Maradhi ya Barabara

Aliyezoea safari ndefu za basi huijua barabara hata akiwa amefumba macho. Juu ya lami mpya tairi huvuma kwa upole. Zikiingia kwenye kipande kilichochakaa, mvumo hugeuka ngurumo, na mama aliyempakata mwanawe huamka. Jambo hili ambalo abiria hulijua kwa mazoea, wahandisi wamelifanya kipimo.

Sauti hiyo ina asili mbili kubwa. Kwanza, tairi huzigonga kokoto zilizojitokeza, mpira ukatetemeka na kutoa sauti nzito. Pili, hewa hubanwa katika vifereji vya tairi kisha ikafyatuka, ikatoa sauti nyembamba. Gari dogo likizidi mwendo wa kilomita 50 kwa saa, sauti ya tairi aghalabu huishinda ya injini. Kwa hiyo uso wa barabara ukiharibika, sauti nayo hubadilika.

Uholanzi ni mfano ulio wazi. Barabara zake kuu nyingi zimetandikwa lami yenye matundu, ambayo hupitisha maji ya mvua na kuwapunguzia kelele wakazi wa kandokando. Lakini lami hiyo nayo huzeeka. Jua, maji na uzito wa malori huudhoofisha unato wake, kokoto zikabanduka moja baada ya moja, na matundu yakazibwa na vumbi. Barabara iliyokuwa tulivu huanza kupiga kelele, pengine kabla jicho la mpita njia halijaona kasoro yoyote. Hapo ndipo penye faida, kwani ufa ukizibwa mapema maji hayapati njia ya kushuka kwenye msingi. Ukiachwa, hufika siku ya kufumua barabara nzima, baada ya mashimo kuwa yamekwisha kuwadhuru watu.

Kupima kelele za tairi kuna kanuni ya kimataifa, ISO 11819-2. Maikrofoni huwekwa sentimita 20 kutoka ubavuni mwa tairi maalumu, na mwendo huwa uliopangwa, kwa mfano kilomita 80 kwa saa. Ukali huo una sababu: tairi kuukuu na tairi mpya hazivumi sawa, lami iliyoloa hutoa mchachato wake, na joto hupunguza sauti. Asiyeyachunga hayo ataisingizia barabara kosa la tairi.

Huko Boston, Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern walifunga maikrofoni na vipima shinikizo la tairi kwenye gari, lipime likiwa katikati ya magari mengine, bila kufunga njia. Nionavyo, hilo ndilo la kutamanika kwetu, ambako basi moja hupita njia ileile kila siku.

Hata hivyo, tairi husikia pale linapokanyaga tu. Shimo lililo katikati ya magurudumu hulipita kimya, na udhaifu uliojificha chini kabisa hauna sauti. Kwa huo, Boston walifunga pia rada ya kupenya ardhini, na mafundi wengi bado hukata kipande cha lami wakakitazama kwa macho.