Sahani Ndogo za Kithai kwa Mla Ndizi wa Moshi

Ukimtajia mtu wa Moshi chakula cha Kithai, wengi hufikiria hoteli kubwa za Nairobi au Dar es Salaam, menyu isiyosomeka na visahani visivyoshibisha. Lakini mlo huo uko karibu na wa Uchaggani kuliko baga na piza ambazo mji umeshazizoea. Ndizi, mhimili wa kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachagga kwenye miteremko ya Kilimanjaro, asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki. Ilivuka bahari zamani sana kabla haijapanda mlimani. Hata mashamba ya Lower Moshi, ambako mradi wa umwagiliaji ulikamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, yalitawaliwa na mpunga wa IR54, mbegu iliyotoka kwa watafiti wa Ufilipino. Pilipili nayo ilitoka Amerika, ikawa ngeni Thailand kama ilivyokuwa ngeni kwetu. Chakula huitwa kigeni kwa sababu hakijazoeleka tu.

Tazama som tam, kachumbari ya papai bichi. Kitunguu saumu na pilipili hutwangwa kwenye kinu, vikafuata sukari, ndimu, sosi ya samaki, nyanya, maharage machanga na karanga. Mwisho papai lililochanwa nyuzinyuzi hupondwa taratibu, lilainike bila kuvurugika. Ukiondoa sosi, vyote vinapatikana sokoni Moshi. Tangawizi hulimwa milimani Same, nazi hupanda kutoka Tanga, na mchaichai tunaotilia chai ndio unaonukisha supu ya tom yum.

Wapo watakaosema sahani ndogo ni ujanja wa kuuza njaa. Hoja hiyo ingesimama kama kila mtu angeagiza sahani yake akala peke yake. Kwa desturi ya Kithai, kila mlaji ana wali wake, na sahani za katikati ni kitoweo cha wote: moja chachu, moja kali, moja yenye tui. Shibe iko kwenye wali. Baa za nyama choma hufuata utaratibu huohuo: nyama hukatwa juu ya ubao mmoja, ndizi na kachumbari pembeni, kila mkono ukichukua. Wengine watalalamikia harufu ya sosi ya samaki, ilhali dagaa wakavu wamo jikoni mwao. Anayekunywa kisusio, supu yenye damu ya mbuzi, hana sababu ya kushangaa kwamba Thailand pia kuna supu ya tambi inayokolezwa kwa damu.

Pingamizi lenye uzito ni bei, na hilo halimalizwi kwa maneno. Mpishi wa mtaani akiagiza kila kitu kutoka nje, atapikia watalii tu. Akitumia mchele wa Lower Moshi, akaleta wali kwanza tena wa kutosha, na akaweka bei ya meza nzima badala ya bei ya kila kisahani, jirani atakaa ale.