Mlango wa Buti Ugomapo Kufunguka

Katika mkoa wa Kagera, ambako mvua ya mji wa Bukoba hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, buti la gari dogo ndilo ghala la safari. Mtu atokaye Rubya kwenda Muleba hupakia humo mikungu ya ndizi, magunia ya kahawa, na mara nyingi vyombo na matandiko ya mgonjwa aliyelazwa Hospitali ya Rubya. Mlango wa buti ukigoma, msafiri hukwama na mali yake ikiwa mbele ya macho yake, na aghalabu hushika bisibisi akaubandua kwa nguvu, hata bati likapinda, rangi ikang'oka, na mvua ikapata njia ya kuingia.

Kabla ya kutumia nguvu ni wajibu kufahamu kwamba mlango huo hufanya kazi mbili mbalimbali: kwanza loki huachia, kisha mlango huinuka. Dereva avutapo mkono ulio kando ya kiti chake, waya upitao chini ya zulia huvuta loki, na ulimi wake ukaiachia ndoano; hapo raba za pembeni na springi za bawaba huusukuma mlango juu. Basi vuta mkono, usikilize. Usiposikia mlio, kasoro i katika kuachia. Ukiusikia ilhali mlango umelala vile vile, kasoro i katika kuinuka.

Loki isipoachia, mwombe mwenzio aukandamize mlango kwa viganja viwili huku wewe ukivuta mkono, kwani mzigo uliosongamana huikaza ndoano. Buti likishafunguka, usukume ulimi wa loki kwa bisibisi mpaka ushike, kisha vuta mkono tena na kutazama. Ulimi ukisita, sababu aghalabu ni vumbi jekundu lililochanganyika na grisi kongwe likawa tope gumu: lisugue kwa mswaki mkuukuu na mafuta ya taa, kausha, upake grisi mpya kidogo. Ulimi usipotikisika kabisa, chunguza waya, kwani huenda umelegea au umekatika. Na hadhari, usiufunge mlango kabla ya kuurudisha ulimi katika hali ya wazi, la sivyo utaigonga ndoano na kuipinda.

Kasoro ikiwa katika kuinuka, futa raba ya kuzuia maji iliyonata, tia oili bawaba, na uzizungushe kidogo zile raba za pembeni ili zitokeze zaidi, iwapo ni za aina ya skurubu. Kwenye magari mengi mlango huinuliwa na nondo mbili za springi zilizopindwa kwa nguvu; hizo mwachie fundi mwenye zana, maana ikichomoka moja huweza kuvunja mkono wa mtu. Kadhalika shokapu ya gesi, iinuayo mlango kwenye magari mengine, ikichoka haitobolewi wala haichomwi moto, hubadilishwa tu.

Mwenye gari atakayesafisha loki kila mvua zinapokatika atajiepusha na sehemu kubwa ya taabu hizi. Na siku atakapolazimika kwenda gereji, amweleze fundi bayana ni kazi ipi kati ya mbili iliyoshindikana, ili fedha yake itengeneze kilichoharibika wala isipotee kwa kununua loki mpya isiyohitajika.