MKANDA WA TAIMINGI: TUUBADILISHE KABLA HAUJAKATIKA

Magari mengi yanayohudumia sharika, shule na zahanati zetu kati ya Iwawa, Njombe na Makambako ni ya zamani. Katika toleo hili tunaeleza kifaa kidogo kinachoweza kuharibu injini kwa sekunde moja.

Ndani ya injini, pistoni huzungusha krenkishafti, na kemshafti hufungua valvu. Mkanda wa mpira wenye meno, au cheni ya chuma, huviunganisha vizunguke kwa mpangilio. Land Cruiser zenye injini ya 1HZ na Hilux za dizeli za 2L na 3L hutumia mkanda. Ukikatika, valvu hubaki wazi, pistoni huzigonga na injini hushushwa.

Hasara si fedha tu. Fikiria gari limebeba mgonjwa wa kwenda Hospitali ya Ikonda, nalo liko kwenye mteremko. Injini ikizima ghafla, breki huwa ngumu na usukani huwa mzito.

Cheni hudumu zaidi, tena hutoa onyo. Kwenye Hilux za petroli za 22R, plastiki zinazoongoza cheni huchakaa, na asubuhi ya baridi utasikia mlio wa kugongagonga unapowasha. Ukipuuza, cheni hula kava mpaka maji ya rejeta yaingie kwenye oili. Mkanda mara nyingi hukatika kimya kimya.

Kwa hiyo tufanye haya:

1. Tubadilishe mkanda kila kilomita 100,000. Taa ya T-BELT kwenye dashibodi huhesabu kilomita tu, haioni uchakavu. Isizimwe kabla ya mkanda kubadilishwa.

2. Ukinunua gari lililotumika na hujui historia yake, anza na mkanda.

3. Fundi abadilishe pia beringi ya kukazia na sili zinazovuja, kwani oili huharibu mpira.

4. Kilomita na tarehe ziandikwe kwenye daftari la gari, ili dereva mpya ajue.

5. Injini ikizima ghafla, na stata ikazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, usiendelee kuwasha wala kusukuma. Livutwe mpaka kwa fundi.

Gari la kanisa limenunuliwa kwa sadaka za wengi. Kamati zinapopanga bajeti ya mwaka, zikumbuke mkanda. Huo nao ni uwakili mwema.