Motere 2C ya Toyota: kwa nini kilasi inapasuka?

Dereva anayepanda milima ya Ngomo, kutoka Kamanyola kuelekea Bukavu, na Carina ya mazutu iliyojaa watu na mizigo, macho yake hayatoki kwenye mshale wa joto. Iko sababu. Nyingi ya gari hizo zimefungwa motere inayoitwa 2C, na adui mkubwa wa 2C ni moto.

Ni motere ndogo: silinda 4, ujazo wa sentimeta 1,974, nguvu ya farasi 70 na kidogo. Toyota iliifunga pia kwenye Corolla, Corona na Lite Ace. Haina buji za cheche. Inabana hewa karibu mara 23 mpaka inachemka, na mazutu yakinyunyizwa humo yanawaka yenyewe. Wenye gari wanaipenda juu inakunywa kidogo.

Shida iko juu. Bloki ni chuma, lakini kilasi, ile inayofunika silinda, ni aluminiamu, na aluminiamu ikipata moto inatanuka kuliko chuma. Maji yakipungua ao termosta ikikwama, kilasi inajipinda ao inapasuka katikati ya supapu. Kwenye Lite Ace motere imefichwa chini ya viti, kwa hiyo shofa wengi hawaiangalii mpaka moshi utoke.

Dalili zinakuja mbele. Maji yanapungua bila kuvuja popote. Radiateri inatoa mapovu motere ikiwaka. Asubuhi, gari imelala baridi, mpira wa maji bado mgumu: hapo gesi ya silinda imeingia kwenye maji. Mafuta ya motere yakigeuka rangi ya chai ya maziwa, ni maji yameingia ndani yake. Kuendelea "mpaka nyumbani tu" ndiko kunakomaliza kilasi. Kumwagia motere iliyochemka maji baridi pia kunapasua. Heri kusimama, kuzima na kungoja ipoe. Na kutoa termosta, kama wengi wanavyofanya, kunaficha ugonjwa tu.

Kwenye garaji, kubadilisha jointi bila kupima kama kilasi imenyooka na haina ufa ni kutupa pesa. Baada ya siku chache gari inarudi palepale, na mwenye teksi amekosa versement tena.

Pompe ya mazutu nayo iko na shida yake: inalainishwa na mazutu yenyewe. Yale ya bidoni ya Kadhafi, yakiwa na maji ao yamechanganywa na petroli ya taa, yanaikwaruza ndani, na kuitengeneza ni ghali. Chini ya filtiri iko skrubu ya kutolea maji. Inafunguliwa mara moja moja.

Mkanda wa taimingi unabadilishwa kila kilometa 100,000. Ukikatika, pistoni zinagonga supapu. Kwa gari iliyonunuliwa imetumika, ambayo kompta yake hakuna anayeiamini, mafundi wazuri wanaubadilisha kabla gari haijaanza kazi.